Maji Yanayoshuka Kutoka Reschen

Jumanne, 9 Septemba. Reschen, usiku

Upepo, upepo, upepo. Tangu tuvuke mpaka haujanyamaza. Unatoka nyuma, unasukuma mgongoni, na kijana wangu anapiga kelele za furaha huko mbele: "Mama, hata sikanyagi!" Vidole vyangu vimekufa ganzi juu ya breki za baiskeli. Kesho glovu, jua liwake lisiwake.

Mpakani hakuna aliyetuuliza pasi. Kibao tu, nyuma Austria, mbele Italia. Na bado kila anayetusalimu huku anasalimu kwa Kijerumani. Hapa palikuwa Austria hadi Vita Kuu ya Kwanza, kisha mkataba wa Saint-Germain, 1919, ukaikabidhi Italia milima pamoja na watu wake. Vibao vyote vina majina mawili: Reschen na Resia, Graun na Curon. Nitaandika ya Kijerumani maana ndiyo ninayoyasikia vinywani mwao.

Mita 1,500 na kidogo juu ya bahari, karibu sawa na pale kwetu Old Moshi. Kwetu urefu huo ni migomba na kahawa. Hapa ni nyasi zilizofyekwa zikabaki fupi, misonobari, na baridi ya kutia machozi. Septemba tu hii!

Kabla ya giza tulipanda kwenda kuona chanzo cha Etsch. Kiko kando ya handaki la zege la enzi za Mussolini, lenye matundu ya bunduki yanayokodolea bonde. Maji yanatoka pale pale, kidogo, safi. Mto huu unakwenda kilomita 410 hadi bahari ya Adriatiki, Italia nzima unazidiwa na Po peke yake. Niliinama nikanywa kwa viganja. Kijana akanipiga picha. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu maji yanapozaliwa, sikupata maneno.

Kaka kapiga mara mbili. Kesho, kaka. Leo nina mto.

Jumatano, 10 Septemba. Burgeis

Mnara.

Mnara wa Graun nilishauona kwenye picha mara nyingi. Pichani ni mzuri: mnara wa kengele wa karne ya 14 umesimama katikati ya ziwa, maji ya buluu, milima nyuma. Mtu hatambui hasira iliyomo mpaka asimame ukingoni. Mabasi mawili yalikuwa yameegeshwa, watu wanapanga mstari wapige picha. Mimi nilikaa kwenye jiwe, baiskeli nimeilaza kando.

Kijana alinisomea maelezo, akitafsiri polepole. Walitaka umeme. Bwawa likainua maji mita 22, maziwa mawili yakawa moja. Nyumba 163 zikabomolewa. Hekta 523 za mashamba na malisho zikaingia majini. Tangazo la kwanza lilibandikwa kwa Kiitaliano, kijijini ambako watu walisema Kijerumani. Padri wao, Alfred Rieper, akaenda hadi Roma kwa Papa Pius XII kuomba wahurumiwe. Wapi. Julai 1950 kengele zikashushwa kutoka mnarani, siku chache baadaye kanisa likavunjwa, mnara ukaachwa.

Mwaka 1950! Mama yangu alikuwa msichana tayari.

Na hao hao, mwaka 1939, walikuwa wameshalazimishwa kuchagua: hamieni Ujerumani ya Hitler au bakini muwe Waitaliano. Ndugu na ndugu hawakusemezana. Waliokataa kuhama waliitwa wasaliti. Wakabaki kwa ajili ya ardhi, halafu ardhi yenyewe ikazamishwa.

Kuna hadithi kwamba majira ya baridi, ziwa likiganda, kengele zinasikika zikilia chini ya barafu. Mama mmoja wa duka la kumbukumbu alitusimulia kwa tabasamu. Siipendi. Kengele zilishushwa, kila mtu anajua. Nilitamani mtu anitajie nyumba: hapa alikaa fulani, hapa palikuwa na zizi, huu ulikuwa mwerezi wa bibi. Majina ya wenyewe yangenifaa kuliko mizimu.

Kijana alinitazama sana. Akasema, "Mama, mbona unalia?" Nikamwambia upepo.

Ujumbe wa kaka nimeufungua kule kule ukingoni. "Mdogo wangu, mnunuzi amerudi. Anataka nusu ya chini ya shamba, upande wa barabara. Anataka jibu kabla ya mwezi kuisha. Fikiria vizuri." Nikamsomea kijana. "Uzeni tu, Mama. Nani atakaa kule?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Baada ya kijiji cha Mtakatifu Valentin, mteremko. Ah! Malser Haide nzima imejitandaza chini, udongo na kokoto zilizoporomoshwa na mkondo wa mlimani kwa maelfu ya miaka hadi zikawa uwanda ulioinama. Lami laini. Breki zinanuka. Upande wa pili wa bonde mlima Ortler, mita 3,905, theluji kichwani. Nilipiga kelele peke yangu. Hasira yote ikaachwa njiani kwa nusu saa.

Nusu ya chini. Kaka anajua vizuri kipitacho huko.

Alhamisi, 11 Septemba. Glurns

Tumepanda Marienberg kwa miguu tukisukuma baiskeli. Mita 1,340, nyumba kubwa nyeupe imening'inia mlimani, na wenyewe wanasema hakuna abasia ya Wabenedikto iliyo juu zaidi Ulaya nzima. Ipo tangu karne ya 12. Watawa wamebaki wachache. Ngome ya Fürstenburg iliyo chini yake siku hizi ni shule ya kilimo, na hilo limenifurahisha kuliko ningeambiwa ni hoteli.

Tulikubaliwa kuingia kwenye kanisa la chini wakati wa masifu ya jioni. Chumba kidogo, dari imejikunja. Na malaika! Wamechorwa kati ya 1175 na 1180. Mabawa, macho makubwa yanayokutazama wewe binafsi, rangi ya buluu bado mbichi. Kwa muda mrefu hakuna aliyewaona wote: pamegeuzwa maziara, makaburi ya watawa yamejengwa mbele ya kuta. Mwaka 1980 wakayaondoa, malaika wakatoka. Waliolala mbele yao karne zote hizo, bila kujua, ndio waliowalinda na mwanga na moshi wa mishumaa.

Mimi Mlutheri wa Old Moshi, nyimbo zao sizijui. Nilinyamaza nikasikiliza. Nikamwombea baba. Nikamwombea kaka pia, maana ada na deni la hospitali vinavyomsukuma kuuza si maneno matupu, najua.

Mals tumepita haraka. Mji wa minara. Kanisa la Mtakatifu Benedikto lilikuwa limefungwa, lina michoro ya zama za Karolo Mkuu, tumechungulia dirishani. Kilichonishika Mals ni kingine: mwaka 2014 wakazi walipiga kura kukataza dawa za sumu mashambani, karibu robo tatu wakasema ndiyo. Mahakama ziliwakwamisha baadaye. Hata hivyo waliulizwa, wakajibu, hesabu ikatangazwa. Graun si mbali na hapo.

Sasa Glurns. Watu hawafiki elfu moja, lakini ni mji kamili: ukuta mzima mzima unaouzunguka, milango mitatu, minara ya mviringo, baraza zenye matao ya chini. Ukuta huu waliujenga karne ya 16, baada ya vita vya Calven, 1499, mji ulipochomwa. Tumelala ndani yake. Usiku mtu anajisikia amefungiwa mahali salama.

Kijana kanisomea kitu kitandani, sijaacha kukifikiria. Karibu na mwaka 1520, wakulima wa kijiji cha Stilfs waliwashtaki panya wa mashambani katika mahakama ya Glurns. Panya! Walikuwa wanamaliza mazao. Panya wakawekewa wakili. Wakili akajenga hoja. Hukumu ikawa wahame, lakini wenye mimba na watoto wachanga wapewe siku 14 zaidi na usalama wa njiani.

Kijana alicheka. Mimi sikucheka. Panya wa 1520 walisikilizwa. Walipewa wakili na siku za kuhama. Watu wa Graun walipewa karatasi kwa lugha wasiyoijua.

Ijumaa, 12 Septemba. Schluderns

Leo ndiyo siku. Niandike kabla sijasahau hata kimoja.

Baiskeli tuliziacha kijijini tukapanda kwa miguu kufuata waal. Ndivyo wanavyouita mfereji wao. Bonde hili ni kavu sana, milimita 500 hivi za mvua kwa mwaka, milima ya pande zote mbili inazuia mawingu. Mteremko unaopigwa na jua ni wa kahawia, miiba na mawe. Basi tangu zama za kati wakachonga mifereji kutoka vijito vya juu vinavyoteremka na maji ya theluji, wakaizungusha ubavuni mwa mlima, mwinamo mdogo sana, maji yanatembea tu, hayakimbii. Kwenye jabali wanatundika mabomba ya magogo ya mti yaliyochongwa. Pembeni kijia cha mtu mmoja.

Nilijua kabla hatujafika. Nilisikia. Ile sauti ya maji yanayopita chini ya majani, sauti ya chini chini isiyo ya mto. Miguu ikasimama yenyewe.

Mfongo. Ni mfongo wetu, mfereji wa nyumbani! Upana ule ule, hatua moja ya mtu mzima. Mawe yale yale ya kuziba, udongo na majani vimeshindiliwa kwa mkono. Mahali pa kugawa maji, kibao kinainuliwa, zamu yako imefika, kinashushwa, zamu imekwisha. Kwao kila shamba lilikuwa na saa zake, zimeandikwa, watu walipigania saa hizo hadi kuumizana. Kwetu mzee wa mfongo ndiye aliyekuwa anajua, na ole wake aliyefungua usiku. Nani alimfundisha nani? Hakuna. Kilimanjaro na hapa, watu waliangalia mlima wenye theluji na shamba kavu, wakachukua jembe.

Wana mtu wao wa kulinda maji, Waaler. Anapita mfereji wote kila siku, anatoa matawi, anaziba panapovuja. Na sehemu nyingine pana kengele: maji yanazungusha gurudumu dogo, gurudumu linainua nyundo, nyundo inagonga. Ko. Ko. Ko. Mlinzi yuko mbali huko anasikia. Kengele ikinyamaza, anajua maji yameziba, anachukua koleo. Nimekaa pale sijui muda gani. Baba angeipenda kengele hii! Angeigeuza, angelitazama gurudumu, angerudi nyumbani kuichonga yake.

Kijana alikuwa kimya. Halafu: "Kama ule wa babu."

Sikutegemea. Alikuwa mtoto mdogo. "Unaukumbuka?"

"Nilidondosha kandambili. Babu akakimbia nayo hadi kwa yule bibi wa chini."

Ndiyo. Ndiyo! Hadi kwa yule bibi wa chini. Maana maji hayaishii kwetu, yanapita nusu ya chini, yanakwenda kwa bibi, kwa mwalimu, hadi bondeni kwenye maharage. Nusu ya chini ikiuzwa, ukuta utajengwa hadi kwenye barabara, na mfongo utakwisha kwenye ukuta.

Mchana, makumbusho ya kijiji. Sehemu kubwa ni ya mifereji, nyingine ni ya watoto. Watoto wa Swabia wanawaita. Wazazi maskini wa bonde hili waliwatuma watoto wao, wa miaka sita, saba, kumi, kila mwisho wa baridi, kwa miguu, kuvuka milima hadi Ujerumani ya kusini. Kulikuwa na soko. Ravensburg, Friedrichshafen. Mkulima anakuja, anamtazama mtoto mikono, anamchukua kuchunga hadi Novemba. Malipo chakula, nguo, viatu, hela kidogo. Iliendelea hadi mwanzo wa karne ya 20. Njia hii hii tuliyoteremka tukishangilia, wao waliipanda, theluji bado iko chini.

Sasa hapa kila nyumba ina maua dirishani na trekta jipya. Nimewatazama wazee waliokaa benchi la kanisani nikawaza, mama zao walijua njaa ile. Ndiyo maana hawachezei maji.

Kaka amepiga jioni. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri. Kisha: "Mfongo wenyewe umekauka, mdogo wangu. Unatetea shimo." Nikamwambia haujakauka wote, Desemba iliyopita maji yalifika kwenye mparachichi. Akasema mparachichi haulipi ada. Kweli. Haulipi. Tukaagana kwa heshima, na moyo unauma.

Jumamosi, 13 Septemba. Naturns

Kilomita nyingi, maneno machache.

Kutoka Prad njia inakuwa tambarare, imeshikana na mto. Kulia kwetu barabara ya Stelvio inapanda kona 48 hadi mita 2,757. Austria waliijenga 1820 hadi 1825. Vijana wenye fulana za kubana walikuwa wanaelekea huko na nyuso za watu wanaokwenda vitani. Kijana aliwatazama kwa tamaa. Nikamwambia nenda, baba, nitakusubiri chini. Akakataa kuniacha.

Laas: marumaru. Njia za watembea kwa miguu marumaru, kingo za barabara marumaru. Jiwe jeupe la hapa ndilo lililochongwa misalaba ya makaburi ya askari wa Kimarekani waliokufa katika Vita vya Pili. Makumi ya maelfu ya misalaba, kutoka kwenye mlima mmoja. Nilishika kipande. Chembe zake zinameta.

Halafu matufaha. Matufaha hadi uchoke. Miti imefungwa kwenye waya, mifupi, mtu anachuma akiwa amesimama. Nyavu juu ya kuzuia mvua ya mawe. Wachumaji wengi ni wageni, lugha za kila namna, redio iko juu ya trekta. Mmoja alitupa matufaha mawili bila neno, nikampungia.

Pancha mbele ya Latsch, gurudumu langu la nyuma. Mwiba wa ule mteremko mkavu. Kijana akageuza baiskeli, akatoa tairi, akatafuta tundu kwa kusikiliza sikioni, akapaka solusheni, kiraka, akashindilia. Nilimshikia pampu. Bila kuniangalia akauliza: "Kusafisha mfongo kunachukua siku ngapi?"

Watu wangapi, nikamwambia. Watu wakijitokeza, siku mbili. Peke yako, likizo nzima.

"Mm," akasema. Akaendelea kujaza upepo.

Latsch tumesimama kwenye kanisa la Bikira kilimani. Mwaka 1992 waligundua kwamba ubao wa altare ni sanamu ya jiwe ya zaidi ya miaka 4,000, imechongwa mashoka na visu. Karne kwa karne watu wamepokea sakramenti juu ya jiwe la mababu zao wapagani bila habari. Nimelipenda bonde hili kwa sababu hiyo. Halitupi kitu.

Ngome ya Juval tumeitazama kutoka chini tu, miguu imegoma. Aliinunua Reinhold Messner, mtu wa kwanza kumaliza milima yote 14 inayozidi mita 8,000, mwaka 1986. Kwetu alikuja Januari 1978, yeye na Konrad Renzler, wakapanda ule ukuta wa barafu wa Kibo ambao hakuna aliyeuweza kabla yao. Miaka hiyo baba alikuwa anabeba mizigo ya wageni mlimani. Njia imepewa jina la Messner. Wapagazi waliofikisha chakula na kamba chini ya ukuta, sijaona mahali walipoandikwa. Ningejua hata jina moja ningeliandika hapa.

Mwisho kabisa, jioni, kanisa dogo la Mtakatifu Prokulus, limejificha katikati ya matufaha. Ndani michoro ya karne ya saba au ya nane. Mtu ameketi kwenye kamba kama mtoto kwenye bembea, macho ameyatoa kwa mshangao. Inasemekana ndiye Prokulus mwenyewe, askofu wa Verona, anatoroka kwa kamba ukutani. Ng'ombe wamepangwa mstari na mbwa. Aliyechora aliwajua ng'ombe. Nilitoka nacheka kwa raha.

Jumapili, 14 Septemba. Meran

Mvua. Tumepanda treni kutoka Naturns, baiskeli ndani. Reli hii ilifunguliwa 1906, ikafungwa mwaka 1990 kwa kuwa eti haina faida, mkoa ukaifufua 2005. Behewa limejaa: wazee, baiskeli, vikapu vya uyoga. Haina faida!

Rabland tumeipita dirishani. Hapo lilipatikana jiwe la maili la Kaizari Claudius mwaka 1552. Barabara ya Warumi ilipita humu, Via Claudia Augusta, Drusus aliianza 15 K.K., Claudius akaimaliza mwaka 46 baada ya Kristo. Njia yetu ya baiskeli inaifuata. Askari, wafanyabiashara wa chumvi, watoto wa Swabia, na sasa mimi na mwanangu.

Meran kuna mitende! Tumeshuka zaidi ya mita elfu tangu Reschen, kweli nasikia masikioni.

Mkate. Niuandike mkate. Wa nafaka ya rai, wanauita kwa jina la bonde, mabonge mawili yameshikana yanaokwa pamoja. Nilipoukata nikasikia harufu ya uwatu. Nikauliza. Ni jamaa yake uwatu, wanaukausha na kuutwanga. Nimenunua mwingine wa kwenda nao.

Kijana amezungumza na mjomba wake. Yeye ndiye aliyepiga, mimi nilikuwa bafuni. Nilisikia kicheko. Sikuuliza, naye hakusema.

Jumatatu, 15 Septemba. Bado Meran

Jua. Tumetembea sehemu ya mfereji wa Marling, ule mrefu, kilomita 12, watawa wa Schnals waliuchimbisha karne ya 18. Bado una maji. Bado una watu wa kuutunza. Familia nzima zinatembea, mbwa, vigari vya watoto. Sehemu nyingi za bonde mifereji imekufa, wameweka mabomba ya kunyunyizia, na mkulima hana haja ya kumwona jirani yake ili apate maji. Iliyobaki imebaki kwa sababu watu waliamua.

Nimechoka hoi. Magoti. Sitaki iishe.

Jumanne, 16 Septemba. Bozen

Nilisita mlangoni mwa makumbusho. Kijana akaingia, nikaingia.

Wanamwita Ötzi. Wapanda milima wawili wa Kijerumani walimkuta tarehe 19 Septemba 1991, mita 3,210, juu ya bonde la Schnals, barafu imeyeyuka hadi kiunoni pake. Miaka 5,300 hivi. Shoka la shaba, viatu vimejazwa nyasi, chale 61 mwilini. Walipompiga eksirei mwaka 2001 wakaona ncha ya mshale wa jiwe begani. Alipigwa kwa nyuma. Meno na mifupa yake vinasema alikulia bonde jirani, akaishi ukubwa wake huku kwenye bonde letu la Vinschgau. Alikunywa maji haya.

Anatazamwa kwa kidirisha kidogo. Nyuzi sita chini ya sifuri. Ngozi imekuwa ya kahawia, inang'aa kwa barafu. Mkono umevuka kifua. Nilitazama mara moja tu.

Nikamkumbuka Mangi Meli, chifu wetu. Wajerumani walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na kichwa chake, wazee wote wanasema, kikapelekwa Ujerumani. Ukoo wake umekitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba huko Berlin viliunganisha mafuvu ya watu wetu na ndugu zao walio hai, mmoja wao akiwa mshauri wa Mangi Meli. Lakini chake mwenyewe hakikuwemo.

Huyu wa hapa wanamtunza kwa upole, sikatai. Wanampuliza maji asikauke. Lakini marehemu ana haki ya ardhi. Nimetoka nikakaa kwenye ngazi. Kijana alikuja akaketi karibu yangu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alimwuliza mjomba Jumapili kama Desemba kuna majembe ya kutosha. Mjomba akamjibu kwamba majembe yapo, watu ndio hawapo. Akamwambia watakuwepo wawili. Na kuhusu ada, kijana atachangia muhula mmoja kutoka kwenye mshahara wake, na mimi nitachangia mwingine. Deni la hospitali tutaligawa sote, na ndugu wa Dar waulizwe pia.

Nimemwandikia kaka hapo hapo: Shikamoo kaka. Nusu ya chini haiuzwi. Sehemu yangu sitii saini. Ada na deni tumepanga, nakupigia kesho tuongee kiasi. Desemba tunakuja kusafisha mfongo kuanzia bwawa la juu hadi kwa bibi wa chini, mwambie yeye na mwalimu wajiandae. Mnunuzi aambiwe atafute kwingine.